Chumvi Iliyoingia Nguzoni

Kimbiji, jioni

Mwanangu Nasra,

Salamu zikufikie hapo kwa shangazi yako Kinondoni. Mimi huku mwili mzima, roho ndiyo haijatulia. Simu yako umeizima. Nimepiga mpaka yule mwanamke wa kwenye simu nimemchoka, kila mara ananiambia hupatikani, kana kwamba mimi sijui. Ndiyo maana nimechukua kalamu. Mjomba wako Shabani yuko nje na bajaji yake na atakufikishia barua hii leo hii, ila ameshanionya kuhusu foleni ya kivuko, na nikichelewa kidogo tu anapiga honi. Kwa hiyo usinicheke mwandiko.

Sitakuambia ule nini njiani wala ufunge vipi begi. Umeishi bwenini miaka yote hiyo ya chuo, hayo unayajua kuliko mimi. Nataka kujibu ujumbe wako wa mchana. Uliandika: "Bibi akilala chumba kile leo, mie kesho sipandi basi." Nikakurekodia sauti kwamba Bibi kashahama. Ukaniandikia, "Mama, unanidanganya," ukazima simu.

Ni kweli, nilikudanganya. Nilipokuwa nasema maneno yale, Bibi yako alikuwa amejilaza kitandani kwake chini ya ile dari ya zege, anavuta tasbihi, nami nimesimama mlangoni kwake namtazama. Nilijua kiwanda cha Mbeya kinakutaka Jumatatu, na asiyeripoti nafasi yake anapewa mwingine. Nikaona bora uongo mdogo wa mama kuliko ukose kazi uliyoisomea. Hesabu yangu ilikuwa mbovu. Nilikuwa najaribu kukuweka wewe kwenye basi kwa kumwacha Bibi yako chini ya mawe, na wewe ukasikia kwenye sauti yangu.

Nirudi kwenye juzi, kwa sababu tangu juzi hatujazungumza kama mtu na mamaye.

Ulichukua nyundo ya baba yako ukaanza kugonga nguzo za barazani moja moja, sikio umelitega. Baba yako alikuwa amekaa pale pale na mafundi wenzake wawili, wanakunywa kahawa. Ukagonga ile ya kushoto, ukagonga tena, ukasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwa jirani: "Baba, hii ndani imeachia. Nondo zimeoza. Chumvi imeshafika."

"Chumvi?" baba yako akasema. "Mie nimejenga kwa saruji safi ya Wazo, sikujenga kwa ngano."

"Saruji haina kosa, baba. Ni difyusheni."

Wale wenzake wakatazamana. Mmoja akacheka. Hapo ndipo baba yako alipopandisha. Alisema nyumba hii ndiyo iliyokusomesha na leo unaipiga nyundo mbele za watu. Hayo aliyasema yeye. Lakini lile neno la mwisho, "Kama kwetu pabovu, nenda huko kwako pazuri," nililisema mimi. Nililiona linavyokuingia usoni. Ukaweka nyundo dirishani, na jana ukaondoka kwenda Kinondoni mapema kuliko tulivyopanga.

Wewe nawe, mwanangu, una kosa lako na nitakuambia. Fundi haambiwi kazi yake imeoza mbele ya mafundi wenzake, wana vikombe mkononi. Ungemwita pembeni. Ungemwambia, "Baba, hebu njoo usikilize." Angebisha, namjua, lakini angekuja kusikiliza. Huko uendako utakutana na wanaume wengi wenye nguzo zao. Usiache kugonga. Ila chagua nani awe amekaa barazani unapogonga.

Sasa nikuambie kwa nini nilikuwa upande wa baba yako wakati masikio yangu yalikuwa upande wako. Ulipotaja chumvi, mimi nilijua imetoka wapi.

Kabla yako mimba zilikuwa hazikai. Hilo unalijua, lakini hatujawahi kukaa nawe nikakusimulia. Zilitoka moja baada ya nyingine, na mtaa mzima ukaanza kunitazama tumbo kabla ya kunitazama uso. Wewe ulipokaa, baba yako alikuwa ndiyo kwanza anamaliza hii sehemu ya mbele, baraza na chumba cha Bibi. Aliifunika kwa zege badala ya bati kwa sababu juu yake alitaka siku moja ije ghorofa yako. Zile nondo zilizosimama juu ya paa mpaka leo ni zako. Watu walipita wakasimama, wakatazama nyumba, wakatazama na tumbo langu. Bibi yako akaona macho yamekuwa mengi. Akaniambia, "Mama mtarajiwa, kachote maji ya bahari, umwage miguuni mwa nguzo. Kila mwezi ukiandama. Husuda haivuki maji ya chumvi."

Nikachota. Nilikuwa mjamzito na ndoo kichwani, nikarudi nikamwaga, nguzo ya kushoto na ya kulia. Ukazaliwa. Ukalia. Ukakaa. Unadhani ningeacha? Mwezi ulipoandama nilikwenda, uwe na homa usiwe na homa. Ulipoanza shule nilikwenda. Ulipofaulu nilimwaga ndoo mbili. Hata ulipokuwa chuoni unasoma hiyo difyusheni yako, mimi huku nilikuwa naibebea maji.

Wewe ulidhani nasafisha baraza. Hata uliwahi kunisifu kwamba mama yako ni msafi.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba mambo haya ya difyusheni ulishanieleza, nami nilikuelewa vizuri tu. Unakumbuka likizo ile ulinikuta jikoni nachemsha miyaa ya mkeka wa bibi harusi? Nilikuwa nalalamika kwamba mafungu mengine nikiyafungua katikati nakuta meupe, na mwenye mkeka anataka wekundu wa kukolea. Ukakaa kwenye kigoda ukaniuliza maswali mengi, nikakujibu. Kwamba rangi ikiwa nyingi majini inaingia upesi, ikififia inasuasua. Kwamba maji ya moto yanaiingiza haraka kuliko ya baridi. Kwamba fungu lililokazwa sana haliivi ndani.

Ukaniambia, "Mama, chembe ya rangi haijui inakokwenda. Inatangatanga tu, mbele, nyuma, kushoto, kulia. Ila kwa kuwa nje ni nyingi na ndani ni chache, zinazopotea kuelekea ndani ni nyingi kuliko zinazopotea kurudi nje. Basi. Mpaka pande zote zilingane."

"Na nani anayezisukuma?"

"Hakuna."

"Hakuna kabisa?"

"Hakuna, mama. Tofauti ya huku na kule ndiyo inayofanya kazi yote."

Halafu ukaniambia lile la unene, ambalo nilibishana nalo mpaka nikalijaribu mwenyewe. Ulisema fungu likiwa nene mara mbili, nisidhani litataka muda mara mbili, litataka mara nne. Na likiwa jembamba nusu, litakolea kwa robo tu ya muda. Nikafunga mafungu madogo, na kweli, yakaiva kabla sijamaliza kupepeta mchele. Nilijivuna sokoni siku ile. Niliwaambia wenzangu mwanangu ni injinia wa mikeka.

Sasa niambie, mtu aliyeelewa yote hayo jikoni, anashindwaje kuyaelewa barazani, hatua chache tu? Sikushindwa, Nasra. Sikutaka. Nguzo niliipa chumvi nyingi kwa nje, mwezi baada ya mwezi, na ndani hakukuwa na chumvi. Wewe mwenyewe ulisema zege si jiwe, lina vijinjia vidogo visivyoonekana, na vikilowa maji huwa barabara. Nilijua pa kuipeleka hesabu hiyo. Lakini ukishakubali kwamba maji yale yameila nguzo, unabaki na swali la pili, je, ni kweli yalimlinda mtoto? Na mimi swali hilo sikutaka kuulizwa na mtu yeyote, hasa na mtoto mwenyewe. Ndipo nikakuambia uende kwako pazuri.

Leo mchana, baada ya kukudanganya, nilitoka mlangoni kwa Bibi nikaichukua nyundo pale dirishani ulipoiacha. Nikaanza na nguzo ya uani, ambayo sijawahi kuimwagia. Ikalia vizuri, sauti kavu. Nikaja mbele kwenye ile ya kushoto. Nikagonga juu, ikalia. Nikashuka, sauti ikashuka nayo, na huku chini ikawa kama nagonga boga. Nikapiga kwa nguvu kidogo. Kikaanguka kipande kikubwa cha kujaa sahani.

Sijawahi kuona chuma kimekuwa vile. Nondo ilikuwa inabanduka majani majani, nyekundu, imefura. Ulisema kutu hutaka nafasi kubwa kuliko chuma ilichokula, ndiyo maana inapasua zege kutoka ndani, na mimi nilidhani unatia chumvi maneno. Na zege lililokuwa limeifunika nondo halikufika hata upana wa kidole changu cha shahada. Mafundi huweka vipande vidogo vya zege kuizuia nondo isikaribie ubao unaolishika zege bichi, wanaviita biskuti. Baba yako kwenye nguzo ile hakuziweka. Basi chumvi yangu ikapata njia fupi, na njia ikiwa nusu muda unakuwa robo. Yeye kwa haraka yake na mimi kwa mapenzi yangu, tuliisaidia.

Nikatazama juu. Kwenye dari kulikuwa na ufa unatoka kwenye kichwa cha nguzo unaelekea chumbani kwa Bibi. Huenda ulikuwepo siku nyingi.

Nikaingia. "Mama," nikamwambia Bibi yako, "inuka uhame humu."

"Nihamie wapi? Humu ndimo nitakamotolewa na jeneza."

"Usiseme hivyo, mama."

"Mjukuu wangu kasoma sana. Mtu akisoma sana anaona kila kitu kinaanguka." Akageukia ukutani.

Unamjua alivyo. Nilimbembeleza, nikamtisha, nikamwambia wewe hutasafiri. Akasema utasafiri tu, damu ya ujana haikai na nauli mfukoni. Nilikuwa nasikia vumbi linadondoka nje kutoka pale nilipobomoa, punje punje, na kila lilipodondoka nilidhani ndiyo basi. Nikakaa chini, kwenye sakafu, nikamwambia kile ambacho sikuwa nimepanga kumwambia mtu.

"Mama, yale maji ya bahari."

"Maji gani?"

"Uliyoniambia nimwage nguzoni."

"Ndiyo yaliyomkalisha mtoto."

"Na ndiyo yaliyoila nguzo, mama. Nimeibomoa sasa hivi, nimeona kwa macho yangu."

Tasbihi ikasimama mkononi. Nilidhani atanifokea, au ataniuliza nani kanifundisha ukafiri. Akageuka akanitazama, uso wake mdogo, na macho yamejaa.

"Uliendelea kumwaga?" akauliza.

"Mpaka mwezi huu."

"Mie nilikwambia umwage mpaka ujifungue." Akavuta pumzi. "Ujifungue tu, mwanangu. Nani alikwambia uendelee maisha?"

Nasra, hakuniambia mtu. Ni hofu yangu iliyoniambia. Nimekuwa nabeba maji miaka yote kwa agizo lililokwisha siku ile ulipolia kwa mara ya kwanza, kwa sababu sikuwahi kuuliza, na kwa sababu kila ulipopona homa nilihesabu ni ndoo. Nililia mbele ya mama mkwe wangu kama mwali. Naye akanishika kichwa, akasema, "Na mie nilikuwa nakuona. Nilidhani unasafisha."

Kisha akashusha miguu kitandani. "Mwite Shabani abebe kitanda. Na huyo mtoto asipopanda basi kesho, nitampiga kwa mkongojo huu huu."

Mjomba wako alikuwa ndiyo anafika. Akabeba kitanda, godoro, sanduku, mpaka ile picha yako ya mahafali. Tumemweka Bibi chumba cha uani karibu na jiko. Ameshalalamika kwamba kuna mbu na kwamba jogoo wa jirani hana adabu, kwa hiyo ujue yuko sawa.

Baba yako alirudi baada ya swala ya alasiri. Akakuta chumba kitupu na kipande cha zege uwanjani.

"Nani kaamua haya?"

"Mimi."

Nilikuwa nimeshika ufagio. Sijawahi kuamua jambo la nyumba hii bila yeye. Alikwenda kwenye nguzo akachuchumaa, akaingiza vidole, akavuta. Nondo ikamtoka mkononi vipande vipande. Akavitazama muda mrefu. Nikamweleza habari ya maji yote, mwanzo mpaka mwisho, na nilipokuwa namweleza niliona uso wake unabadilika, nikadhani sasa nimempa mtu wa kumlaumu. Mimi ningefanya hivyo.

Akasema, "Sikuweka biskuti. Saruji ilikuwa inakauka, nilikuwa na haraka, nikasema nguzo za baraza tu hizi."

Hayo tu. Akaenda nyuma, akaleta mirunda, akaanza kuegemeza dari, mti mmoja baada ya mwingine, na Shabani akimshikia. Alifanya kazi ile bila kunitazama. Nilimsogelea nikamwambia asipite katikati, apite pembeni, akanitii. Nilihesabu kila pumzi mpaka alipotoka chini yake. Dari haijaanguka. Kesho wanakuja wale wale mafundi wenzake wawili, aliwapigia simu mwenyewe, kuanza kuibomoa kutoka juu. Wataanza na zile nondo za ghorofa yako.

Hilo lilinichoma kuliko nilivyotarajia. Nimezizoea. Nikizitazama nilikuwa nasema, huyu ataondoka, lakini atarudi, kwake kuko hapo juu. Labda ndiyo maana nilikuombea sana kwa maji, nilitaka ulindwe na pia nilitaka ukae. Nilichanganya mambo hayo mawili kwenye ndoo moja. Leo nayatenganisha. Lile neno nililokutupia juzi nalifuta, na kusafiri kwako nakuridhia, wala si kwa sababu eti kwetu pabovu.

Naogopa, mwanangu. Naogopa huko uendako hakuna ninayemjua, na sina cha kumwaga mlangoni kwako. Nitazoea. Ukiona jambo nalifanya mwaka hadi mwaka na hujui kwa nini, niulize. Usinisifu usafi. Niulize, hata nikikasirika.

Mjomba wako sasa ameacha honi, anaita jina langu kabisa. Usiniamini mimi, nimeshakudanganya mara moja leo. Muulize yeye anayekukabidhi barua hii. Kitanda cha Bibi amekibeba kwa mikono yake, na bega linamuuma. Ukiridhika, kesho panda basi.

Kuna neno moja limebaki. Wakati naandika, baba yako amekaa nje, amelipa mgongo dirisha hili. Ameuliza, na hakumtaja mtu: "Hivi kwa nyumba iliyo karibu na bahari namna hii, zege la kufunika nondo linatakiwa liwe nene kiasi gani?"

Shabani akamwambia yeye ni dereva. Mimi nimenyamaza. Bado amekaa pale, anasubiri.

Washa simu yako, Nasra, umpigie. Mjibu yeye, usinijibu mimi.

Mama yako